Kompyuta Iliyokuwa na Mwenyewe

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, Asinate alikuwa amekaa barazani akichora nyumba. Alichora kwa penseli, nyuma ya karatasi ya kalenda. Jikoni sufuria ya magimbi ilikuwa ikitokota. Uani mumewe, Kaliova, alikuwa akipiga randa mbao, na maranda yalimwangukia paka aliyelala chini ya meza ya kazi.

Hivyo ndivyo walivyoishi hapo Savusavu, nchini Fiji, kwa miaka kumi na tisa. Mke alichora, mume akajenga. Watu walizoea kusema kwamba nyumba za Kaliova husimama kwanza kwenye penseli ya Asinate.

Asinate alikuwa na tabia moja. Akiona kitu kimefungwa, hatulii mpaka ajue ndani kuna nini. Alishafungua redio, saa ya ukutani na kufuli la kanisa. Hilo kufuli la kanisa alilirudisha mwenyewe, akalitia na mafuta, na mchungaji hajui mpaka leo. Hata kopo la samaki alisoma maandishi yake yote kabla ya kulifungua.

Siku hiyo alikuwa akichora shule ya chekechea. Vyumba viwili, jiko na choo. Kanisa lilitaka watoto waingie humo Januari. Alipomaliza, akakunja karatasi, akaenda nayo halmashauri.

Mkaguzi wa majengo, Bwana Naidu, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mama, mchoro ni mzuri," alisema. "Lakini shule siyo banda la kuku. Nataka ramani ya kompyuta. Kila kipimo kionekane. Kila boriti na kila msumari wa paa nijue ulipo. Unakumbuka kimbunga kilivyobeba mapaa."

"Nakumbuka. Kilibeba na la kwangu."

"Basi niletee kabla ya Oktoba kwisha. Kanisa limeniambia haliwezi kusubiri zaidi ya hapo. Litachukua fundi kutoka mji wa Labasa."

Kuchora kwa kompyuta Asinate alikujua. Alijifunza Jumamosi ishirini katika chuo cha ufundi. Tatizo ni kwamba mafunzo yalikwisha, na kompyuta zilibaki chuoni. Dukani mjini, kompyuta mpakato yenye nguvu ya kuchora nyumba iliuzwa dola elfu mbili na mia nne. Asinate aliisoma bei hiyo mara mbili, kama mtu anayetumaini imeandikwa vibaya.

Jumapili, baada ya ibada, simu ikalia. Alikuwa Eroni, mtoto wa kaka yake. Kijana huyu alikuwa Australia, akipogoa mizabibu kwa mkataba wa miezi tisa.

"Shangazi, huku kompyuta zinauzwa kama mihogo!" alisema. "Ziko sokoni, zimepangwa juu ya turubai. Kuna jamaa ana moja kama mpya. Yenye nguvu zote hizo ulizoniambia."

"Bei gani?"

"Kwa pesa za kwetu haifiki mia saba."

Asinate alisimama. "Sema tena."

"Mia saba, shangazi. Na haifiki."

"Inawaka?"

"Inawaka! Nimeiona kwa macho yangu."

Kaliova alikuwa akila. Aliinua kichwa. "Muulize kwa nini ni rahisi hivyo."

"Anko anauliza kwa nini ni rahisi hivyo."

"Kwa sababu huku ni huku," alijibu Eroni, na wote wakacheka.

Pesa zilikuwepo. Ziliwekwa kwa ajili ya msumeno mpya wa umeme. Asinate na mumewe wakakubaliana msumeno usubiri. Siku ya pili zikatumwa.

Katikati ya Agosti Eroni alirudi nyumbani, mweusi kwa jua, amebeba mablanketi, viatu vya watoto wa ndugu, na ile kompyuta ikiwa imeviringishwa ndani ya sweta. Asinate aliifungua kama anayefungua mtoto mchanga. Aliitazama juu. Akaigeuza, akaitazama chini. Akavaa miwani, akasoma maandishi madogo kwenye chaja.

"Imeandikwa mia moja mpaka mia mbili na arobaini," alisema. "Umeme wetu unakubali. Na plagi yao ni sawa na yetu."

"Shangazi, iwashe basi!"

Akaiwasha. Ikaimba wimbo mdogo. Ikauliza lugha, akachagua. Ikauliza mtandao, akaiunganisha na simu yake. Ikafikiri. Kisha skrini ikawa nyeupe, na katikati yake yakatokea maneno. Yalisema kwamba mashine hii ni mali ya kampuni fulani ya kuchimba visima vya maji. Mfanyakazi wa kampuni aingize barua pepe yake na neno lake la siri.

Asinate alisoma maneno yale, akayarudia. Aliizima, akaiwasha. Yakatokea yale yale.

"Eroni," alisema polepole. "Kampuni ya visima ni nani?"

Eroni akainama, akayasoma maneno yale mwenyewe.

Wakati huo Isoa alikuwa anapita njiani na panga lake. Isoa na Kaliova walikuwa mabinamu, na kutaniana kwao hakukuwa na likizo. Akaingia bila kubisha, akachungulia.

"Aa, Kaliova! Sasa unachimba visima? Na kuchimba mashimo ya choo kumekushinda?"

"Ondoka hapa, mla magimbi ya watu," alisema Kaliova. Lakini sauti yake haikuwa na utani.

Isoa alipoelezwa, akapunga mkono. "Jambo dogo! Labasa kuna jamaa anavunja makufuli haya. Dola arobaini. Anavunja huku anapiga mluzi."

Asinate aliigeuza kompyuta tena. Dola arobaini hazikuwa nyingi. Lakini alitaka kujua kwanza: kufuli hili liko wapi? Redio, alijua makufuli yake ni skrubu. Hii skrubu zake zilikuwa wapi?

Kesho yake akaichukua kompyuta, akaenda na Eroni mpaka kwa Sharda.

Sharda alikuwa fundi wa simu na kompyuta. Alifanya kazi katika pembe ya duka la mumewe la ushonaji, na bisibisi zake zilikaa pamoja na pini. Watu walisema hakuna kitu chenye betri ambacho Sharda hakijui.

"Karibu, dada Asinate. Leo umevunja nini?"

"Leo sijavunja. Leo nimenunua."

Sharda aliiwasha ile kompyuta, akaiunganisha na mtandao, akasoma. Akaguna.

"Mmeinunua kwa nani?"

"Kwa mtu sokoni," alisema Eroni.

"Jina lake?"

"Sijui."

"Risiti?"

"Hakutoa."

"Na alipokuonyesha kwamba inawaka, aliiunganisha na mtandao?"

Eroni alifikiri. "Hapana. Alisema pale sokoni mtandao ni mbaya."

"Mtandao haukuwa mbaya, mdogo wangu. Alijua."

Asinate akasogeza kiti. "Nieleze, Sharda. Kufuli liko wapi? Kuna jamaa wa Labasa anasema analivunja."

"Dada, kufuli hili haliko ndani ya mashine. Liko kwa mwenyewe. Kampuni iliponunua kompyuta, iliandikisha namba yake. Hii hapa, chini, imechapwa." Sharda aliigeuza na kuonyesha kwa pini. "Mtu anaweza kuifuta yote ikawa tupu kama kibuyu. Lakini siku itakayopata mtandao, itauliza: bwana wangu yuko wapi? Huyo wa Labasa ataifungua leo. Wiki ijayo itajifunga tena. Na ramani yako ya shule itakuwa ndani."

"Kwa hiyo imeibiwa?"

"Hilo sijui. Kampuni nyingine huuza kompyuta zao kuukuu, zikasahau kuzitoa kwenye daftari lao. Nyingine huibiwa. Ukiitazama hivi huwezi kutofautisha."

"Nani anajua?"

"Kampuni yenyewe. Jina lake si liko hapo?"

"Basi tuwaulize," alisema Asinate.

Eroni aliruka. "Shangazi! Wakisema mimi ni mwizi? Jina langu litafika kwa wakala wa kazi. Sitaitwa tena. Mama anategemea mkataba huo!"

Asinate alimtazama kijana wa kaka yake. Shingo yake ilikuwa bado imeungua na jua la kule.

"Maneno yako ni ya kweli," alisema. "Anayebeba hatari hapa ni wewe, siyo mimi. Mimi nataka kujua, lakini kutaka kwangu kujua kusikufukuzishe kazi. Sema wewe."

Eroni alikaa akitazama ile skrini nyeupe. Cherehani ya mume wa Sharda iliunguruma, ikatulia, ikaunguruma tena.

"Nikirudi kule," alisema mwishowe, "nitapita sokoni pale kila Jumapili nikiogopa. Waandikie, shangazi. Waambie kila kitu."

Sharda aliwasaidia. Walitafuta wenyewe anwani ya kampuni ile, wasitumie anwani ya kupewa na mtu yeyote. Asinate akaandika ukweli mtupu: mashine ilinunuliwa soko gani, mwezi gani, kwa bei gani, na muuzaji alivyofanana. Akatia na picha ya namba. Mwisho akaandika: Kama ni yenu, tuambieni. Kama mliiuza, tafadhali ifungueni.

Siku tatu zikapita. Isoa alikuja kila jioni kumsalimia Eroni kwa jina la "mfungwa". Siku ya tatu Kaliova alimfukuza kwa maranda.

Siku ya nne simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa makamo, kutoka kampuni ya visima. Sauti yake ilikuwa ya upole.

Kompyuta ile iliibiwa mwezi wa Mei, alisema. Fundi wao alisimamisha gari, akaingia dukani kununua mkate. Alipotoka, kioo kilikuwa kimevunjwa.

"Alikuwa na michoro yake humo?" aliuliza Asinate.

"Ya miezi saba. Hakuwa na nakala. Kila kitu kilifutwa."

Asinate alifumba macho. Yeye alijua mchoro mmoja unavyokula siku.

"Mama, nitaipeleka posta leo hii," alisema.

"Gharama ya kuituma ni yetu," alisema yule mama. "Na huyo kijana wako asiogope. Nitaandika barua kwamba aliinunua bila kujua, na akatoa habari mwenyewe. Akae nayo." Kisha akauliza, "Mlikuwa mnaitaka kwa kazi gani?"

Asinate akamweleza habari za shule. Yule mama akasikiliza.

"Sisi kompyuta zetu za zamani hatuziuzi sokoni," alisema. "Tunazipeleka duka moja hapa. Wao huzifuta, huzikarabati, na sisi tunaliondoa jina letu. Wanauza kwa risiti na dhamana ya mwaka mmoja. Siyo bei ya sokoni, lakini siyo bei ya dukani pia."

Kompyuta ikaondoka. Eroni akabaki na barua. Mia saba zikawa zimekwenda na maji.

Jioni hiyo Asinate alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na machozi yalimdondoka kwenye nazi iliyokunwa. Kaliova alikuja akakaa karibu yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi mwenyewe niliuliza kwa nini ni rahisi," alisema, "kisha nikacheka na kuendelea kula. Msumari umepinda, Asi. Tuunyooshe, tupigilie tena."

"Oktoba iko karibu."

"Basi nenda kaulize vizuri. Kuuliza ndiyo kazi yako."

Asinate akarudi kwa Sharda, safari hii na daftari.

"Niambie ukweli," alisema. "Nikanunue dukani mjini, nimalize?"

"Inategemea. Jumlisha kwanza," alisema Sharda. "Watu huangalia bei ya kule, wakaona ndiyo bei. Bei ni ile ya mpaka mlangoni kwako. Ongeza kusafirisha. Ongeza kodi ya hapa. Ongeza na gharama ya kutuma pesa. Ukiona tofauti ni ndogo, nunua hapa hapa. Ikiharibika unakwenda kumpigia muuzaji kelele usoni. Kelele za kuvuka bahari hazisikiki."

Asinate akacheka, akaandika.

"Kodi ni kiasi gani?"

"Usiniulize mimi. Kawaulize wenyewe wa forodha, tena kabla ya kulipa. Sheria hubadilika."

Asinate akaenda. Ofisa wa forodha alishangaa kidogo. Wengi walimjia wakiwa wamenuna, mzigo ukiwa umeshafika. Huyu hakuwa na mzigo. Ofisa akamwandikia kwenye karatasi kiasi atakachotozwa, na karatasi anazotakiwa kuwa nazo. Risiti ilikuwa ya kwanza.

Akajumlisha. Kompyuta ya lile duka la ukarabati, pamoja na safari na kodi, ilifika elfu moja na mia nne. Bado ilikuwa pungufu ya ile ya mjini kwa dola elfu moja. Eroni akaleta bahasha.

"Nusu ya bei, shangazi."

"Sijakudai."

"Ndiyo maana nakupa."

Kabla ya kulipa, Asinate aliomba simu ya video na duka lile. Sharda alikaa pembeni yake. Aliyewajibu alikuwa kijana mchangamfu mwenye nywele nyekundu.

"Washa," alisema Asinate. "Sasa iunganishe na mtandao, mbele yangu. Anza mwanzo kabisa."

Kijana akafanya hivyo. Hakuna jina la kampuni lililotokea.

"Igeuze. Nisomee namba ya chini." Akaiandika. "Nionyeshe kibodi. Herufi zake ni hizi tulizozoea? Haya. Chaja imeandikwa namba ngapi? Betri inakaa saa ngapi? Na dhamana yenu inafika mpaka Fiji, au inaishia uwanja wa ndege?"

"Inafika, lakini gharama ya kuirudisha ni yako."

"Hilo niandikie kwenye risiti."

Kijana akajipangusa jasho. "Mama, unanunua kompyuta au unamposea mwanao?"

"Usinilaumu," alisema Asinate. "Mchumba wa kwanza alikuwa mke wa mtu."

Sharda alicheka mpaka pini zikamwagika. Walilipa kwa kadi ya benki ya mume wa Sharda. Benki ilikuwa imemwambia Sharda kwamba mzigo usipofika, mteja anaweza kupinga malipo hayo. Pesa zikishatumwa mkononi mwa mtu usiyemjua, hazirudi.

Mzigo ulifika posta mwishoni mwa Septemba. Kodi ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya ofisa, haikuzidi hata senti. Asinate aliwasha mashine yake, akaiunganisha na mtandao, akabana pumzi. Ikamuuliza jina. Akaandika: Asinate.

Kwa wiki mbili alichora. Kila siku aliweka nakala ya kazi yake mahali pa pili, akimkumbuka yule fundi wa visima. Siku alipomaliza, akamwita mumewe.

Kaliova alikaa mbele ya skrini kama aliyekaribishwa nyumba ya chifu. Asinate akamwonyesha namna ya kuzungusha. Kaliova akaizungusha shule. Akaiona mbele. Akaiona nyuma. Akaingia ndani kwa mlango, akatazama juu, akahesabu boriti.

"Hii nyumba haijajengwa," alisema, "na mimi nimo ndani."

Kisha akasogeza uso karibu. "Asi. Mlango wa jikoni unafunguka kuelekea darasani. Ukifunguka, unaziba njia ya kutokea darasa la wadogo. Moto ukiwaka je?"

Asinate akatazama. Ilikuwa kweli. Kwenye karatasi ya kalenda hawakuliona hilo, wala yeye, wala mumewe, wala Bwana Naidu. Akaugeuza mlango kwa kidole kimoja.

"Tungeligundua hilo tumeshapiga zege," alisema Kaliova.

Ramani ilipigwa mhuri tarehe ishirini na moja Oktoba. Paa lilikaa kabla ya Krismasi. Upepo ulikuja mara mbili ukalijaribu, ukaenda zake.

Katikati ya Januari Bwana Naidu alikuja na ukanda wake wa kupimia. Alipima mlango hadi mlango. Alipanda ngazi akahesabu misumari ya paa. Kila mara alirudi kwenye ramani, na kila mara namba zilikuwa sawa. Mwishowe akatia sahihi, akafuta kalamu yake, lakini hakuondoka.

"Mama Asinate," alisema kwa sauti ya chini, "binti yangu anaanza chuo mwezi ujao. Nasikia kompyuta yako uliiagiza ng'ambo. Kuna mtu amenionyesha moja kwenye simu, bei yake ni ya ajabu. Anataka nimtumie pesa leo leo."

Asinate akavuta viti viwili vidogo vya watoto wa chekechea, vingali vinanukia mbao mbichi.

"Kaa, Bwana Naidu," alisema. "Na hiyo simu nipe niione."